Kijerumani ninacho kichwani, nikisimama mbele ya wageni nakwama kwama. Ni kigugumizi hiki au nini?

MwanaDunda

Wakuu habari za jioni, wa Bagamoyo na wa nje ya Bagamoyo. Nina swali la lugha, naomba msinicheke sana, kidogo tu inatosha.

Mie ni tua gaidi hapa Bagamoyo (gaidi wa kutembeza wageni, sio yule mwingine). Naanzia Mji Mkongwe, Karavan Serai, Boma la Mjerumani, soko la samaki, namalizia Misheni au Kaole inategemea mgeni kalipia nini. Kiingereza changu cha barabarani kinanitosha. Sasa Wajerumani wanakuja, na ukiwaongelesha kwao wanafurahi mpaka basi, na tipu nayo inabadilika tusifichane, kwa hiyo mwaka jana nikaamua kukisoma. Nimesoma vitabu, nimesoma na programu ya kwenye simu, nikaenda na darasa la jioni miezi minne Dar kwa mwalimu mmoja hivi. Maneno ninayo. Nikiandika mwalimu ananisifu. Shida mdomo.

Juzi nimepata wazee sita, tumefika Misheni kwenye mnara, nawapa habari ya mwili wa Livingstone, kwamba watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka kule Chitambo (Zambia ya leo) alikofia Mei 1873 mpaka ukafika hapa Februari 1874. Hii hadithi naijua kuliko ninavyojua namba yangu ya simu, kwa Kiswahili nikianza hata kuku anasimama kusikiliza. Kwa Kijerumani nikaanza vizuri, "Der Leichnam wurde..." (yaani mwili uli...) nikasimama. Kimya. Nikasema "eeeh". Kimya tena. Nikasema "nanihii", wallahi tena, nanihii mbele ya Wajerumani. Mama mmoja mwenye kofia akanimalizia sentensi, mumewe naye akaongeza yake, wakaanza kuongea wao kwa wao na mie nimesimama pale kama mnara wenyewe. Hadithi yangu imeshachukuliwa na wenyewe wanajadili! Na walikosea kidogo lakini ningewasahihisha kwa mdomo gani.

Sasa naomba kujua, hiki ni kigugumizi? Maana kwa Kiswahili sina kabisa. Dawa ipo au ndio umri umekwenda (34)? Na mwezi wa tisa nataka kufanya mtihani wa B1 (ngazi ya kati) wa Goethe, ile taasisi ya Kijerumani pale Dar, sehemu ya kuongea ndio inaninyima usingizi. Ukinyamaza wanakukata maksi?

Baharia_Nianjema

Pole kaka. Ila nikupe siri, nanihii kwa Kijerumani ipo na inaitwa Dings. Kabisa, watu wazima wanaitumia. Nimepika kwenye meli ya Wajerumani miaka mitatu, kila kitu kilikuwa Dings, lete Dings, funga Dings. Ungesema "der Dings" badala ya nanihii wazee wale wangekupigia makofi.

Isimu_na_Kahawa

Mkuu MwanaDunda, nimesoma mambo haya Mlimani, na ingawa sasa hivi nauza vifaa vya umeme bado napenda kuyaongea, kwa hiyo vumilia maana nitakuwa mrefu.

Kwanza ondoa hofu, hiki sio kigugumizi. Mwenye kigugumizi anajua kabisa neno analotaka, liko pale, ila sauti inagoma kutoka, inajirudia au inakaza. Wewe neno lenyewe ndio hujalishika, au umelishika hujajua uliweke wapi. Kwa nje vinafanana, ndani ni vitu viwili mbalimbali. Na kwa Kiswahili hakipo, umeshajijibu.

Pili, kila mtu anatua. Kuna mama mmoja mtafiti wa London anaitwa Frieda Goldman-Eisler, alikaa miaka anapima kimya cha watu wanapoongea lugha yao wenyewe, akatoa kitabu 1968. Mpaka wake ulikuwa robo sekunde, chini ya hapo anahesabu ni mdomo tu unajipanga, juu ya hapo ndio kutua kwa kufikiri. Akakuta maongezi ya kawaida, yale tunayoyaona yanatiririka, yamejaa vituo. Hatuvisikii kwa sababu viko mahali pake. Jisikilize hata wewe unavyoongea barazani, "yaani... sijui nisemeje... yule... nanihii", na hakuna anayekuona mjinga. Tena sisi nanihii tunaipa mpaka vitenzi! "Hebu ninanihie hiyo nanihii iliyo kwenye nanihii" na mwenzako anainuka anakuletea bakuli.

Sasa tofauti iko wapi. Mholanzi mmoja, Willem Levelt, mwaka 1989 alieleza kuongea kama kazi ya mafundi watatu. Wa kwanza anaamua nataka kusema nini. Wa pili anatafuta maneno na kuyapanga kwa sarufi. Wa tatu anayatoa mdomoni. Kwa lugha ya mama fundi wa pili anafanya kazi usingizini, wala humlipi. Kwa lugha ya kujifunza huyo fundi wa pili ni mgeni kazini, kila msumari anauliza uko wapi, na anapouliza wa tatu anakaa anasubiri. Ule muda wa wa tatu kusubiri ndio huo wazee wako waliousikia.

Kwa hiyo ukitaka kujua shida yako angalia unatua WAPI, urefu wa kutua tuuache kwanza. Mwenye lugha anatua zaidi pale wazo linapoisha, kabla ya kuanza jingine. Mwanafunzi anatua katikati ya wazo, kati ya neno na neno mwenzake. Msikilizaji anavumilia sana kituo cha kwanza, cha pili kinamkaba. Wewe umetua baada ya "wurde". Hapo ndio pabaya kuliko pote kwenye Kijerumani kwa sababu kitenzi chenyewe kinakaa mwisho kabisa wa sentensi, wurde peke yake haijasema kitu, umemwacha mtu ananing'inia hewani hajui mwili ulizikwa au ulibebwa au uliibiwa. Lazima atakumalizia, ni kama kumuona mtu anapiga chafya hamalizii.

Swali kwako: kwa Kiswahili wewe ni mtu wa kuongea mfululizo au wa kutua tua? Nauliza kwa sababu Nivja de Jong na wenzake huko Uholanzi walikuta watu wanaotua sana kwa lugha yao ndio hao hao wanaotua sana kwa lugha ya pili. Sehemu nyingine ya kutua ni tabia yako tu, haihusiani na Kijerumani.

MwanaDunda

Isimu_na_Kahawa asante sana mkuu, hiyo ya mafundi watatu nimeielewa mpaka nimemsomea mke wangu.

Kiswahili naongea kama redio, muulize mtu yeyote sokoni. Kwa hiyo sio tabia.

Baada ya kusoma ujumbe wako nikafanya kitu, nimejirekodi kwenye simu nahadithia ile ile habari ya Misheni kwa Kijerumani, dakika tatu, nikajisikiliza. Dah. Aibu kwanza, ile sauti si yangu. Halafu nikagundua nasimama sehemu mbili tu. Moja ni hiyo ya kitenzi cha mwisho, nafika katikati nimeshasahau nilianza na nini. Ya pili ni kabla ya KILA jina, kila jina, natafuta ni der au die au das (kama ngeli zao hizo, kila jina lina yake). "Hier ist... der... die... das Grab", yaani hapa ni kaburi. Najua kabisa Wajerumani wananielewa hata nikikosea, ila mwalimu wetu wa darasani alikuwa ukikosea der na die anakusimamisha hapo hapo mbele ya wenzio mpaka useme sawa. Nadhani kuanzia pale ulimi wangu ukawa unaomba ruhusa kwanza.

Bi_Somo

MwanaDunda mwanangu, mimi niko upande wa pili wa duka lako. Nafundisha wageni Kiswahili hapa hapa Bagamoyo, mwaka wa kumi na moja huu, wengi wao Wajerumani na Waholanzi na Wamarekani wanaokuja kujitolea. Kwa hiyo huko kukwama unakokusema ndio ugali wangu wa kila siku, ila mimi nakusikia kwa Kiswahili.

Mgeni anakwama ndani ya neno. Sikiliza: "Jana ni... li... aam... nili... aam... enda sokoni". Yaani kalipasua neno kama mtu anayepasua muhogo. Mswahili hakati hapo. Mswahili akikwama atatua baada ya "jana", au atalirudia neno lote, nilienda, nilienda sokoni. Na kwenye ngeli ndio usiseme, "kiti... i... ki... kimevunjika", unamuona kabisa macho yanapanda juu kusoma jedwali la ngeli lililobandikwa kwenye paji la uso kwa ndani. Ni der die das yako hiyo, imevaa kanga.

Nimegundua na kitu kingine kwa masikio tu, sijasoma mahali. Kiswahili maneno yetu yanaishia na irabu, kwa hiyo tukifikiri tunavuta mkia. "Nikaaaa", "kwambaaa", "halafuuu". Hatuna haja ya "aam" za wazungu, mkia wa neno unatushikia nafasi. Sasa Mswahili akihamia Kijerumani anataka kuvuta mkia na mkia haupo! Utavutaje "und"? Utavutaje "ist"? Ndio unasikia mtu anasema "undiii", au ananyamaza kabisa kama wewe. Na ukinyamaza kabisa ndio kosa mwanangu, si ile kutua. Kimya kitupu mtu anakisikia kama umemaliza, au umeshindwa. Ukijaza na kitu anajua bado umo ndani unavaa viatu.

Wana maneno yao ya kujazia, yatie mdomoni kama unavyotia salamu. "Also". "Na ja". "Moment". "Wie soll ich sagen", yaani nisemeje vile. "Sagen wir mal". Wanafunzi wangu siku ya pili kabla hata ya kuhesabu nawafundisha "yaani", "sijui nisemeje", "nanihii", na "subiri kidogo". Mkuu wangu wa kazi wa kwanza alinigombeza kwamba nawafundisha lugha ya vijiweni. Lakini mwanafunzi mwenye "yaani" mdomoni watu wa sokoni wanamsubiri, na asiye nayo wanamrudishia Kiingereza kabla hajafika kwenye bei.

Na sisi wasikilizaji tuna dhambi zetu. Zamani mwanafunzi akikwama tu mimi naruka, nampa neno. Naona namsaidia. Binti mmoja wa Kijerumani akaniambia kwa upole, mwalimu, neno nilikuwa nalo, ulikuja nalo kabla yangu. Tangu siku hiyo mwanafunzi akikwama nainua kikombe nakunywa chai taratibu. Nane kwa kumi (hesabu ya kichwani hiyo msiniulize) nikishusha kikombe neno limeshatoka. Yule mama mwenye kofia hakukudharau, alikosa kikombe tu.

MzeeChumbageni

Salaam kutoka Tanga. Mimi sikubaliani nanyi kabisa. Sie tulivyosoma ukisimama kuongea mbele za watu ukisema eeh eeh unapigwa fimbo, na hadi leo mtu akihutubia na "aaa" kumi kwa dakika natoka nje kuvuta hewa. Sasa mnamfundisha kijana kujaza takataka eti ndio ufasaha. Ajifunze vizuri, akiwa hajui anyamaze, akijua aongee. Kunyamaza ni adabu. Hapa Tanga mtu mzima akiulizwa jambo anakaa kimya kwanza, anakunywa kahawa, ndio anajibu, na hakuna anayemrukia.

Isimu_na_Kahawa

MzeeChumbageni shikamoo. Hotuba ni kitu kingine mzee wangu, hotuba mtu kaandaa na hakuna atakayemnyang'anya zamu. Maongezi ni kama kupokezana ndoo za maji, ukichelewesha mkono mwenzako anaikamata. Kuna utafiti ulitoka 2009 wa lugha kumi kutoka pande mbalimbali za dunia, wakapima mtu akimaliza swali mwenzake anachukua muda gani kuanza kujibu. Wastani kwa jumla ni kama moja ya tano ya sekunde! Wajapani ndio wepesi kuliko wote, Wadenmark wanachelewa zaidi, lakini hata hao wanaochelewa ni kama nusu sekunde. Kwa haraka hiyo maana yake mtu anaanza kupanga jibu wakati mwenzake bado anaongea. Mwanafunzi hawezi, masikio bado yanahangaika kuelewa swali, atapanga saa ngapi. Kwa hiyo anaanza kila zamu akiwa na deni.

Na hizo "eeh" sio takataka zote mzee. Herbert Clark na Jean Fox Tree walichambua Kiingereza mwaka 2002 wakakuta "uh" na "um" zina kazi mbili tofauti, fupi inaashiria nachelewa kidogo, ya pili inaashiria nachelewa zaidi. Ni kama bodaboda kuwasha taa ya kukata kona. Ila nakubali akiwasha taa kutwa nzima hakati kona, huyo anaudhi.

MzeeChumbageni

Marahaba. Hiyo ya bodaboda nimeikubali. Ya fimbo sijaiachia.

Tabata_B1

Nimeingia kwa sababu ya lile swali la mtihani ambalo naona mmelikimbia wote mmekaa kwenye ndoo na bodaboda. Mimi nimefanya B1 Goethe Dar, nikapita kuongea kwa maksi za kubana, kwa hiyo naongea kama majeruhi.

Kuongea mnaingia wawili wawili, ni kama dakika kumi na tano hivi kwa wote, na kabla yake mnapewa muda wa kujiandaa. Kwanza mnapanga jambo pamoja, mfano safari au sherehe. Halafu kila mmoja anatoa mada fupi. Mwisho mnaulizana kuhusu mada hizo. Kupita ni 60 kwa 100, na kila sehemu ya mtihani inahesabiwa peke yake, ukianguka kuongea kuandika kwako hakupotei.

Kuhusu kunyamaza, sikiliza hii maana ndio ilinipa usingizi mimi. Ngazi hizi za A1 mpaka C2 zilitolewa na Baraza la Ulaya 2001, na humo ndani kuna maelezo ya ufasaha kwa kila ngazi. A2 wanasema kabisa mtu anaeleweka kwa vipande vifupi ingawa kutua na kuanza upya kunaonekana wazi. B1 wanasema anaweza kuendelea na akaeleweka, INGAWA kutua kwa kutafuta sarufi na maneno kunaonekana wazi, hasa akiongea kirefu. Umeona? Kutua kumeandikwa ndani ya B1 yenyewe. Hata B2 bado wanaruhusu kusita ukitafuta maneno, ila kimya kirefu kiwe nadra. Kwa hiyo hawatafuti mtu asiyetua, wanatafuta mtu anayeendelea. Neno kubwa hapo ni kuendelea. Mwenzangu niliyeingia naye alijua sarufi kunishinda mara mbili, akakwama kwenye neno moja (karatasi ya mwaliko, sijui kwa nini alilihitaji) akalisubiri neno lile kama mtu anayesubiri basi la Lindi, halikuja. Mimi nikasema "das Papier, wo man die Leute einlädt", yaani karatasi ya kualikia watu, Kijerumani kibovu kabisa, nikasonga mbele.

Sasa mazoezi. Hii nilifundishwa na inauma ila inafanya kazi, wanaiita nne-tatu-mbili, aliyeieneza ni Paul Nation wa New Zealand. Unachukua hadithi moja, unamsimulia mtu dakika nne. Hadithi ile ile unamsimulia mtu mwingine dakika tatu. Kisha mtu wa tatu dakika mbili. Maneno ni yale yale hivyo yule fundi wa pili wa Isimu_na_Kahawa hahangaiki tena kutafuta, ameshajua misumari iko wapi, na saa inakubana uache kutua. Watu lazima wabadilike, ukimrudia yule yule unaanza kufupisha kwa sababu ameshasikia. MwanaDunda wewe kazi yako ndio zoezi lenyewe! Hadithi moja, wageni wapya kila siku. Sisi wengine tunatafuta watu wa kuwasimulia tunakosa.

Na usijifunze neno moja moja. Beba sentensi nzima zilizofungwa tayari kama sambusa, "auf der rechten Seite sehen Sie", "wenn Sie hier nach links schauen", "vor mehr als hundert Jahren" (upande wa kulia mnaona, mkiangalia hapa kushoto, zaidi ya miaka mia iliyopita). Hizo der na die zake ziko ndani tayari zimeshaiva, huombi ruhusa kwa mtu.

Bi_Somo

Tabata_B1 umesema kweli tupu kwenye hizo sambusa. Na mimi naongeza, MwanaDunda, jina jipya likikujia lishike na kichwa chake, sema "das Grab" kama neno moja, usiseme Grab halafu ukaanza kutafuta. Mtoto wa Kijerumani hajawahi kusikia Grab likitembea peke yake barabarani.

MwanaDunda

Jamani. Wiki mbili zimepita, nimerudi kutoa ripoti maana mmenihangaikia.

Nne-tatu-mbili nimeifanya hivi. Mtu wa kwanza mke wangu, hajui Kijerumani hata salamu, akasikiliza dakika nne nzima anachambua mchele, mwisho akasema "kwa hiyo alikufa?". Mtu wa pili dereva wa bajaji wa pale stendi, nimemlipa kama abiria. Wa tatu nimekosa nikaenda ufukweni nikayaambia majahazi. Nimeifanya kila jioni siku tisa. Mke wangu sasa anasema "Leichnam" vizuri kunishinda.

Juzi nikapata wengine, wanne. Tumefika mnarani nikashusha pumzi, nikaanza, na pale pale pa siku ile ulimi ukagoma tena! Ila safari hii sikunyamaza, nikasema "also... wie soll ich sagen..." nikawaona wametulia wote wananiangalia, hakuna aliyefungua mdomo. Kama nimefunga mlango kwa ndani. Sekunde tatu au nne, nilizihesabu kwa mapigo ya moyo. Halafu ikatoka mpaka mwisho. Baadaye kwenye makaburi ya Wajerumani nimekosea der na die kama mara kumi, nikaona hakuna aliyekufa zaidi.

Na ya Baharia nimeijaribu. Kule Kaole nilikosa neno la birika la kutawadhia, nikasema "das Dings für das Wasser", nanihii ya maji, mzee mmoja alicheka mpaka akashika ukuta, ukuta wenyewe wa karne na karne nikamwambia babu taratibu.

MzeeChumbageni

Hongera kijana. Lakini hujatuambia. Ile sentensi ya siku ya kwanza ilikuwa inaishiaje?

MwanaDunda

Shikamoo mzee. Gebracht. Der Leichnam wurde nach Bagamoyo gebracht, mwili uliletwa Bagamoyo. Mke wangu anasema naitamka nikiwa nimelala.